Panda Mmea wa Dimbwi Linalokauka

Mvua za mwaka, yaani masika, hazibembelezi. Zikishika Mei, wingu moja kutoka baharini laweza kumwaga maji ya wiki nzima kabla ya adhuhuri. Mabati ya mtaa mzima yanatema kwa pamoja, mchanga wa uani unachimbika chini ya milizamu, na njia za Maweni, Barani na Kisumu Ndogo hapa Malindi zinakuwa vijito. Jua likiwaka siku chache, hakuna alama. Kufika Januari kaskazi inavuma kavu, na mwenye kisima anaanza kuonja chumvi kwenye maji yake ya kupikia. Yale maji matamu ya Mei yalipita mlangoni kwake yakaenda baharini, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukaa hata kwa siku moja.

Bustani ya mvua ndiyo mahali hapo. Ni kishimo kipana kisicho kirefu, kilichochongwa chini ya mkondo wa paa, kikapandwa mimea inayostahimili kuloweka miguu. Maji yanaingia, yanatulia, yanazama ardhini. Haizuii mafuriko makubwa. Novemba 2023 maji yalipoharibu daraja la Mbogolo na kukata barabara kuu ya Mombasa na Malindi, hakuna bustani ya uani ambayo ingesaidia. Kazi yake ni ndogo zaidi na ya kila msimu: kuokoa msingi wa nyumba, kuzuia mchanga wa kiwanja usihame, na kurudisha maji chini.

Hilo la kurudisha maji chini lina uzito wake kwetu tunaoishi juu ya mawe ya matumbawe na mchanga. Karibu na pwani, maji matamu ya ardhini huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Hesabu wanayotumia wataalamu ni kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukivuta maji kisimani bila kurudisha, ile mita ya juu inapungua na chumvi inapanda kwa kasi usiyoitarajia. Kwa hiyo kila pipa unalolizamisha uani lina faida, hata kama kisima si chako bali cha jirani.

Sasa twende kwenye mmea, maana hapa ndipo watu wengi huharibu kazi nzuri. Mtu akisikia mimea ya kinamasi, jambo la kwanza linalomjia ni mafunjo. Anayaona kwenye picha za Yala na Naivasha, marefu, yenye vichwa kama nywele zilizotimka kwa upepo, anayataka kwake. Mafunjo ni mmea mzuri, lakini hufika mita tatu, nne na zaidi, na yanataka mizizi iwe majini mwaka mzima. Bustani ya mvua ina maji kwa saa chache, siku chache za mwaka. Utayapanda Mei yakastawi, na Februari utakuwa na fungu la makuti makavu.

Vitabu vya bustani navyo havisaidii sana. Bustani ya mvua kwa umbo tunalolijua ilianza Marekani, wilaya ya Prince George's katika jimbo la Maryland, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huko mvua hunyesha kila mwezi. Mmea wao huogopa kuzama na kuganda kwa baridi. Wa kwetu unapaswa kuhimili mambo mawili yanayopingana: kufunikwa na maji Mei, kisha kukaa Januari na Februari zenye mvua ya milimita chache tu, jua la pwani likiwaka na upepo ukipuliza. Usiulize mmea gani unapenda maji. Uliza mmea gani unaota kwenye dimbwi linalokauka.

Na madimbwi hayo tunayo. Nenda kaskazini mwa mto Sabaki, kwenye misitu ya Dakatcha, au pembezoni mwa Arabuko-Sokoke, utakuta mabonde madogo yanayojaa wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Yamejaa mimea ya jamii ya ndago. Kuna ndege mmoja wa manjano na mweusi, mnana wa Clarke, ambaye hapatikani kokote duniani ila Kaunti ya Kilifi, katika misitu hii miwili. Wanasayansi walimwandika mara ya kwanza 1913, na kwa miaka mia moja hakuna aliyeweza kuonyesha kiota chake. Kilipoonekana hatimaye, 2013, kilikuwa Dakatcha, si juu ya mti mrefu walikokuwa wakitazama watu, bali kwenye dimbwi la msimu, kati ya majani ya jamii ya ndago, juu kidogo ya maji. Ndege aliye hatarini kutoweka anategemea majani ambayo mkulima huyaita magugu. Sikuahidi kwamba atakuja uani kwako, hatakuja. Lakini ukitaka kujua mimea hii ni kitu gani katika nchi hii, anza hapo, na usithubutu kwenda kung'oa mbegu yako kwenye madimbwi yale.

Aina mbili nazipendekeza, na ya tatu kwa walio karibu sana na bahari.

Ya kwanza ni Cyperus involucratus, ile yenye shina la kijani lisilo na majani, halafu juu kabisa majani membamba yamejipanga kuzunguka kama mbavu za mwavuli. Wenye vitalu vya miche kando ya barabara huiuza, mara nyingi wakiiita papirasi, kwa hiyo angalia kwa macho, usinunue jina. Ni ya asili ya Afrika Mashariki, hufika kiunoni au kifuani, huvumilia kivuli cha mwembe, na shina lake la chini ya ardhi ni gumu kama mti. Juu panaweza kukauka kabisa, chini pakabaki hai.

Ya pili ni Cyperus articulatus. Hii haina sura ya kuuzwa: fimbo za mviringo, kijani iliyoiva, zimesimama wima na kichwa kidogo cha kahawia. Mimea mingi ya jamii ya ndago ina shina lenye pembe tatu, unalisikia ukilizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada. Hii ni duara. Utaitambua kwa njia nyingine. Libane shina kati ya vidole na ushuke nalo polepole, utasikia vifundo vidogo vikipita kimoja baada ya kingine, kwa sababu ndani lina kuta zinazoligawa vyumba vyumba. Utaikuta kwenye mitaro ya mashamba na mabwawa ya kunyweshea ng'ombe. Hutambaa, kwa hiyo ni ya bustani kubwa kidogo, lakini kwa kushika udongo sijaona inayoishinda.

Ya tatu, Cyperus laevigatus, ni fupi, laini, na huvumilia chumvi. Kama kiwanja chako kinapigwa na manyunyu ya mawimbi, au udongo wako unaacha unga mweupe ukikauka, panda hii chini na zile mbili uziache.

Kuhusu kupata mbegu: omba mwenye shamba aliye na mtaro uliojaa, chimba robo ya fungu, acha robo tatu. Usiingie kwenye ardhioevu ya umma wala msitu wa serikali. Tangu 2009 kuna kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinazolinda ardhioevu na kingo za mito. Na fungu moja linatosha. Mmea huu hugawanyika kwa urahisi. Kata kwa panga kali, kila kipande kibaki na shina la chini lenye macho na vijiti viwili au vitatu, kisha punguza vijiti vibaki urefu wa shibiri mbili ili visiunyonye mmea kabla mizizi haijashika.

Ile ya mwavuli ina njia nyingine inayofurahisha hata watoto. Kata kichwa pamoja na kipande cha shina chenye urefu wa kidole. Punguza majani yale ya kuzunguka hadi nusu. Kigeuze juu chini, kiweke kielee kwenye ndoo ya maji kivulini. Baada ya wiki mbili hivi, katikati pale majani yanapokutana, utaona nyuzi nyeupe za mizizi zikishuka na ncha za kijani zikipanda kupita kando yake. Hamishia kwenye mkebe wa udongo. Badilisha maji ya ndoo kila siku ya tatu, maana mbu nao wataipenda ndoo hiyo.

Kabla ya kuchimba, pima. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hesabu yote imekaa hapo. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ina paa la mita za mraba 80. Mvua ya milimita 40, ambayo si ajabu kwa siku moja ya Mei, inaangusha lita 3,200 juu yake, mapipa 16 ya lita 200. Mabati yatakupa karibu zote. Makuti yatanywa kiasi kabla ya kuanza kudondosha. Bustani ya mita 4 kwa 4, yenye kina cha sentimita 15, inabeba lita 2,400, na kwenye mchanga sehemu kubwa itakuwa imezama wakati mvua bado inanyesha. Kwa hiyo moja ya tano ya paa yatosha penye mchanga. Penye mfinyanzi tanua hadi theluthi, wala usiongeze kina. Kina ndicho kinacholeta mbu na kinachozamisha watoto.

Udongo wako utaujua kwa kishimo cha majaribio. Chimba shibiri moja na nusu kila upande, jaza maji, acha yaishe, jaza tena, na mara hii ya pili tia kijiti chenye alama. Yakishuka sentimita mbili au tatu kwa saa, uko sawa. Mchanga wa Malindi mjini unaweza kuyameza yote ukiwa bado umeshika ndoo. Hapo shida yako ni kinyume, mmea utakosa unyevu, na inabidi uchanganye mboji na samadi iliyooza vizuri, toroli tatu nne, kwenye shibiri mbili za juu. Kwenye mfinyanzi wa bara, kuelekea Ganze, maji yakisimama siku mbili bila kushuka, achana na bustani ya mvua, weka tangi.

Wa Watamu, Kilifi na kote penye mwamba wa matumbawe wanahitaji tahadhari ya peke yao. Sururu ikigonga mwamba, usifurahie ufa. Matumbawe yana mapango na mishipa, na maji yakiingia kwenye ufa yanafika kisimani bila kuchujwa, pamoja na kinyesi cha popo na kunguru kilichokuwa juu ya paa. Kinachosafisha ni udongo na mizizi. Hakikisha kuna angalau sentimita 45 za udongo kati ya sakafu ya bustani na mwamba. Kama hazipo, jenga kingo juu badala ya kuchimba chini. Kaa mita tatu au zaidi kutoka ukutani. Kaa mbali kabisa na shimo la choo, maana nyumba zetu nyingi zinategemea mashimo na matangi ya maji taka, na ardhi iliyoloa juu ya shimo la choo ni njia ya kusukuma uchafu kwenye kisima.

Sakafu ya bustani iwe sawa. Watu wengi huchimba umbo la bakuli, maji yanakusanyika katikati, mmea wa katikati unaoza na wa pembeni unakauka. Tumia ile paipu nyembamba inayoonyesha maji ndani, wanayopimia mafundi wa ujenzi. Upande huu na ule maji yasimame usawa mmoja. Pale maji ya gata yanapotua weka mawe ya matumbawe yaliyovunjwa ili yasichimbe shimo. Upande wa chini acha mlango wa maji ya ziada, nao upange mawe, uelekee pasipo nyumba ya mtu. Mlango huu usiusahau. Mvua moja isiyo ya kawaida ikivunja kingo zako, udongo wote utakuwa kwa jirani.

Panda mwishoni mwa Aprili, mvua zikishashika, si zile za kwanza za kudanganya. Wapo wanaopanda Novemba kwa sababu vuli imeanza na ardhi ni laini. Mimi nawazuia. Vuli ni fupi, na kaskazi itaukuta mmea bado mchanga. Wa Aprili unapata mvua zote za mwaka, kipupwe cha Julai na Agosti, kisha vuli, na unaingia Januari ukiwa na shina la chini lililonenepa. Acha nafasi ya mkono mmoja kati ya mche na mche. Juu ya kingo, pasipofunikwa na maji, panda mchaichai. Utashika udongo na utakuwa na kitu cha kutia kwenye chai.

Funika udongo kwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Maganda ya mbao huelea na kwenda na maji ya kwanza. Makumbi yakilowa hukaa, na Februari ndiyo yatakayoutunza unyevu wa mwisho.

Mbu. Mji wa Kilifi umekuwa na kituo cha utafiti wa malaria cha KEMRI na wenzake wa Wellcome Trust tangu 1989, na watu wa huku wamezoea kutilia shaka maji yaliyosimama. Wana haki. Jibu liko kwenye hesabu ya siku: yai la mbu halifiki kuwa mbu anayeruka kabla ya wiki moja hivi, hata katika joto letu. Bustani iliyotengenezwa sawasawa hukauka juu ndani ya siku moja, mbili zikizidi. Mvua ikikatika, kesho kutwa yake nenda uone. Ukikuta kidimbwi, kuna mambo mawili ya kutazama: tope laini limeziba sakafu, nalo unalikwangua kwa jembe na kuchoma udongo kwa uma wa shambani, au sakafu imebonyea, nayo unajaza. Hatari kubwa zaidi ya dengi iko kwenye kopo na tairi lililotupwa nyuma ya bustani, na kwenye gata lililozibwa na majani ya mkungu. Safisha hayo kabla ya kuulaumu mmea.

Adui mwenyewe ni ndago ile ndogo, Cyperus rotundus, ndugu mbaya wa ukoo mwema. Wataalamu wa magugu waliitaja 1977 kuwa gugu baya kuliko yote duniani, na mkulima wa hapa hahitaji kuambiwa. Itaingia na samadi au na udongo wa kununua. Usiikate kwa jembe. Kila kipande cha mnyororo wake wa viazi vyeusi ni mmea mpya. Ngoja udongo uloe, ingiza mkono, fuata uzi mwembamba wa mzizi kutoka kiazi hadi kiazi mpaka wa mwisho, kisha anika juu ya bati hadi vikauke kama kokoto. Usitie kwenye mboji. Utaitofautisha na mimea yako kwa chini: ndago ndogo inaning'inia kwenye nyuzi, yako imesimama kwenye fungu nene. Mwaka wa kwanza ukiishinda, baadaye kivuli cha mimea mikubwa kitakusaidia.

Kaskazi ikifika, majani yatageuka manjano kutoka ncha, kisha kahawia. Mgeni akija atakuambia umeua bustani. Acha. Mwaka wa kwanza tu, peleka mtungi mmoja wa lita 20 kila wiki mbili kwa kila mita mbili za mraba, jioni, chini ya makumbi. Yawe maji ya mvua uliyoweka au maji ya mfereji. Maji ya kisima chenye chumvi yanaiacha chumvi kwenye udongo, na mmea uliovumilia kiu utauawa na ukarimu wako. Maji ya kufulia vilevile, kwa sababu ya sabuni. Kuanzia mwaka wa pili usimwagilie kabisa.

Mbuzi ndio watakaokuambia kama mmea bado uko hai, kwa kuwa watatafuta machipukizi ya kwanza kabla hujayaona. Zungushia fito au matawi ya miiba kuanzia Machi. Kereng'ende na vyura watakuja wenyewe, na minana wa kawaida watachana majani ya mwavuli kwa ajili ya viota, mmea hauumii.

Mwishoni mwa Machi kata kila kitu kikavu, shibiri moja juu ya ardhi, kwa mundu, usichome moto. Vijiti vya Cyperus articulatus vifunge mafungu na uvianike kivulini, vinafaa kusukia jamvi la kuanikia mahindi. Majani ya mwavuli yarudishe chini ya makumbi. Kisha panda ngazi, safisha gata, toa majani yaliyooza kwenye mlizamu, panga upya mawe pale maji yanapotua. Mvua za mwaka zina kawaida ya kuanza usiku.